Gari Lililia au Gari Alilia? Upatanisho wa Kisarufi na Tashihisi ya Vyombo vya Usafiri katika Filamu na Video za Watoto

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali linalomkabili kila anayesimulia, anayetafsiri au anayeingiza sauti ya Kiswahili katika filamu ambamo gari, lori, ndege au garimoshi ni mhusika: je, chombo hicho kipatanishwe katika ngeli yake ya kawaida, au kihamishiwe ngeli ya A-WA? Mifano imetolewa katika filamu za Marekani na Uingereza, ambazo watoto wetu wengi huzitazama, pamoja na methali na matumizi ya kila siku ya Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba uamuzi huo si wa usahihi wa sarufi peke yake. Kiambishi a- humpokea mhusika katika jamii ya walio hai. Kiambishi li- humweka nje ya jamii hiyo, na ziko hadithi ambazo hudai mhusika abaki huko nje.

Utangulizi

Hebu tuanze na sentensi mbili ambazo kila mzungumzaji wa Kiswahili huzielewa bila kufundishwa: *Ndege ametua. Ndege imetua.* Ya kwanza inahusu kiumbe chenye manyoya, ya pili chombo chenye rubani. Nomino ni ile ile, kitenzi ni kile kile. Kinachotenganisha uhai na chuma ni kiambishi kimoja tu. Hali kadhalika, *kifaru alipita* ni habari ya mbugani, ilhali *kifaru kilipita* ni habari ya vita. Kiswahili kiliazima jina la mnyama kikalipa chombo, lakini hakikukipa chombo hicho uhai wa mnyama.

Mfano huu unatufundisha kwamba lugha yetu ina mpaka kati ya kilicho hai na kisicho hai, na kwamba mpaka huo hulindwa katika kitenzi, kivumishi, kionyeshi na kimilikishi. Mzungumzaji hawezi kuukwepa. Kila atajapo gari katika nafsi ya tatu na kulipa kitenzi, huwa amekwisha kutoa hukumu kuhusu uhai wake. Je, hukumu hiyo itolewe vipi gari linapocheka, linapoona wivu au linapotaka kujiua?

Swali hili si la anasa. Watoto wetu hutazama magari yanayozungumza tangu hawajajua kusoma, na aghalabu huyatazama kwa Kiingereza. Mtu anayetaka kuwaletea hadithi hizo kwa Kiswahili, awe mfasiri, mwalimu wa chekechea au mzazi anayeeleza kinachotendeka kwenye skrini, hukwama katika sentensi ya kwanza kabisa. Isitoshe, mwanafunzi wa shule ya msingi anayeandika katika insha yake *gari alikasirika* hukatwa alama, naye mwenzake aliyeandika *gari lilikasirika* huambiwa kwamba hadithi yake haina uhai. Ni haki tuwe na jibu la kuwapa wote wawili.

Kanuni na Mipaka Yake

Kanuni yenyewe inajulikana. E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1944, alikwisha kueleza kuwa nomino za viumbe hai hupatanishwa kama nomino za M-WA hata umbo lake likiwa la ngeli nyingine. Ndiyo sababu tunasema *kipofu ameketi*, *waziri amefika*, na *kinyozi hajinyoi*. Umbo la nomino hushindwa na maana yake.

Nomino *gari* ina historia yake. Asili yake ni lugha za Bara Hindi, na ilipoingia katika Kiswahili iliwekwa katika ngeli ya LI-YA: *gari langu limeharibika, magari yetu yameharibika*. Hivyo ndivyo vitabu vyetu vinavyofundisha. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kusimama katika kituo cha matatu anajua kwamba Wakenya wengi husema *gari yangu imeharibika*. Kwa mtoto wa Nairobi, basi, li- ya gari ni sauti ya darasani kabla ya kuwa sauti ya hadithi. Mfasiri asiyelitambua jambo hili ataandika Kiswahili safi ambacho masikioni mwa mtoto kitakuwa kama mtihani. Maoni yangu ni kwamba msimulizi ashike usanifu, lakini wahusika walio utingo, mafundi na madereva waachiwe *gari imekwama* yao, kwani hiyo nayo ni sehemu ya usawiri.

Kuhusu tashihisi, kuna kambi mbili miongoni mwetu wanafunzi. Kambi ya kwanza hushikilia kuwa gari ni LI-YA milele, lizungumze lisizungumze. Kambi ya pili hudai kuwa mara tu kitu kinapopewa sifa za binadamu, sharti kihamie A-WA. Methali zetu hazikubaliani na kambi ya pili. *Chema chajiuza, kibaya chajitembeza*: hapa kitu kinafanya biashara na kutembea mitaani, lakini upatanisho ni wa KI-VI. *Kikulacho ki nguoni mwako*: mlaji huyu ana meno na nia mbaya, naye bado ni ki-. Tashihisi ya Kiswahili imekuwa ikifanya kazi bila a- tangu kale.

Methali ninayoiona kuwa na uzito zaidi katika mjadala huu ni *Zimwi likujualo halikuli likakwisha*. Zimwi linajua. Zimwi linachagua kiasi cha kula. Halikosi akili wala utashi, na katika ngano huzungumza na kuposa wanawali. Hata hivyo li- imebaki. Ni kweli kwamba wasimulizi wengine husema *zimwi akaja*. Lakini kuwapo kwa njia zote mbili ndiko kunakothibitisha kwamba hapa kuna uteuzi. Li- ya zimwi haimaanishi kuwa zimwi halina uhai. Inamaanisha kuwa si mwenzetu.

Hapo ndipo kambi ya kwanza nayo inapokosea. Wao huichukulia li- kama hali ya kawaida isiyosema lolote. Mbele ya mhusika mwenye nia, li- husema jambo zito.

Herbie Darajani

Tuchukue sasa mfano mmoja na tukae nao. Filamu ya *The Love Bug* ya kampuni ya Disney, iliyotolewa mwaka 1968 na kuongozwa na Robert Stevenson, inahusu gari dogo aina ya Volkswagen lenye namba 53 ubavuni. Mwendeshaji wake, Jim Douglas, ni dereva wa mashindano ambaye bahati imemkimbia. Gari linapoanza kushinda, Jim huamini kwamba ushindi ni wa ustadi wake. Rafiki yake Tennessee, ambaye ni fundi, hutambua mapema kwamba gari lina moyo, naye ndiye anayelipa jina la Herbie.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Herbie hasemi hata neno moja katika filamu nzima. Hana macho yaliyochorwa wala mdomo. Huonyesha hisia kwa honi, kwa milango, kwa kukataa kuwaka, kwa kurusha mafuta. Kwa hiyo mtazamaji huwekwa mahali pale pale alipo Jim: anaona chuma kikitenda, naye ni juu yake kuamua kama chuma hicho kinatenda au kinaharibika tu.

Jim anaponunua gari jingine la fahari na kumsaliti Herbie, gari hilo dogo hulishambulia lile jipya, kisha hutorokea usiku wa ukungu hadi daraja la Golden Gate mjini San Francisco, likitaka kujirusha majini. Jim hulifuata. Akijaribu kulizuia, nusura aanguke yeye mwenyewe. Ni Herbie anayemrudisha salama. Tazama jinsi kipande hiki kinavyoweza kusimuliwa. Maneno ni yangu, wala si ya filamu.

Toleo la kwanza: *Gari lilipanda ukingo wa daraja. Jim alilikimbilia, akalishika, miguu ikateleza. Gari likarudi nyuma, likamvuta.*

Toleo la pili: *Gari alipanda ukingo wa daraja. Jim alimkimbilia, akamshika, miguu ikateleza. Gari akarudi nyuma, akamvuta.*

Toleo la kwanza ni sahihi, na ni baridi. Mwokozi amekuwa winchi. Toleo la pili lina joto, lakini limemaliza hadithi kabla haijaanza: ikiwa Herbie ni a- tangu ukingoni, Jim hana cha kugundua. Linganisha na toleo la tatu:

*Gari lilipanda ukingo wa daraja. Jim alilikimbilia, akalishika, miguu ikateleza. Alijua anaanguka. Gari akarudi nyuma, akamvuta.*

Hapa ngeli imebadilika katikati ya aya bila maelezo yoyote. Msomaji hahitaji kuambiwa kwamba Jim ameamini. Kiambishi kimekwisha kumwambia. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu ataona kosa la upatanisho, na katika barua ya kuomba kazi lingekuwa kosa kweli. Katika usimulizi, hilo ndilo tukio kubwa la sura nzima. Nyongeza ya pili ni kwamba mbinu hii hutuwezesha kuwatofautisha wahusika. Tangu mwanzo Tennessee atasema *huyu amechoka, mwache apumzike*, naye Jim atamjibu *hili limekwisha, lipelekwe gereji*. Watu wawili wakilitazama gari moja, ngeli mbili.

Itakumbukwa pia kwamba mabadiliko haya hayaishii kwenye kiima. Kiambishi cha mtendwa hubadilika, *akalishika* ikawa *akamshika*. Kivumishi hubadilika, *gari jeupe* akawa *gari mweupe*. Kionyeshi *hili* huwa *huyu*. Kiingereza hubadilisha kiwakilishi kimoja. Sisi tunabadilisha sentensi nzima, na kwa hiyo tuna hatari kubwa zaidi ya kuchosha tukikosea mahali pa kubadilisha.

Macho ya Pixar

Katika filamu ya *Cars* ya mwaka 2006, iliyoongozwa na John Lasseter, hakuna binadamu hata mmoja. Wachoraji wa Pixar waliyaweka macho ya magari kwenye kioo cha mbele wala si kwenye taa, kama ilivyokuwa katika filamu fupi ya Disney ya mwaka 1952 iitwayo *Susie the Little Blue Coupe*. Macho yakiwa kwenye taa, gari huwa na sura ya mjusi. Yakiwa kiooni, mahali ambapo dereva angeonekana, gari huwa na uso. Naweza kusema kwamba macho hayo ni a- ya mchoraji. Baada ya kuyaona, hakuna mtoto atakayeuliza kuhusu Lightning McQueen *limekwenda wapi*.

Palipo na jina mahususi, aghalabu mjadala humalizika. Tatizo hubaki kwa wasio na majina. Katika filamu hiyo, matrekta ni kama ng'ombe: hulala malishoni, na Mater, gari la kukokota magari mabovu, humfundisha McQueen jinsi ya kuyashtua usiku hadi yaanguke chali. Hapa Kiswahili kinatunyima tofauti moja. Binadamu na mnyama kwetu wote ni A-WA. Tukisema *matrekta walianguka*, hatujasema kama ni raia au mifugo. Njia iliyo wazi ni kuwaacha matrekta katika LI-YA, *matrekta yalianguka*, ili McQueen na Mater wabaki watu miongoni mwa vitu. Lakini ni njia yenye gharama: ng'ombe wa kweli hatungemwita *li-*, na mtoto wa mfugaji atahisi kwamba kuna jambo halijakaa sawa.

Lori Lisilo na Uso

Sasa tugeukie upande wa pili. Mwaka 1971 Steven Spielberg, akiwa bado kijana, aliongoza filamu ya televisheni iitwayo *Duel*. Mfanyabiashara anayeendesha gari lake jekundu katika barabara za jangwa la California anaandamwa na lori la mafuta, kuukuu na chafu. Uso wa dereva wa lori hauonyeshwi. Tunaona mkono, tunaona viatu, basi. Kwa kadiri filamu inavyoendelea, mtazamaji humsahau dereva na kulichukia lori.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba tashihisi ni A-WA atashawishika kuandika *lori akamfuata*. Angefanya hivyo, angeiua filamu. A- ingelifanya lori kuwa mtu, na mtu tunaweza kumsihi, kumlaani, hata kumwelewa. Andika *lori likamfuata*, *lori likamngoja*, *lori likawasha taa*, na kitenzi cha kungoja kikutane na kiambishi cha kitu. Hapo damu husisimka. Ni li- ya zimwi. Linapotumbukia bondeni mwishoni kwa mngurumo kama wa mnyama mkubwa anayekufa, bado lisipewe a-, halikuistahili.

*Christine*, filamu ya John Carpenter ya mwaka 1983 kutokana na riwaya ya Stephen King ya mwaka huo huo, ni kisa kigumu zaidi. Gari jekundu aina ya Plymouth Fury la mwaka 1958 linampenda kijana anayelimiliki, linawaonea wivu rafiki zake na kuwaua, na likivunjwavunjwa hujiunda upya. Katika Kiingereza gari hili hutajwa kwa kiwakilishi cha kike, na nusu ya hofu ya kisa hicho, pamoja na nusu ya dhana zake mbaya kuhusu wanawake, imo katika kiwakilishi hicho. Kiswahili hakina jinsia katika viambishi vyake. Je, mfasiri amepoteza?

Mwanaisimu Roman Jakobson, katika insha yake ya mwaka 1959 kuhusu tafsiri, alieleza kuwa lugha hazitofautiani sana katika yale zinayoweza kusema. Hutofautiana katika yale ambayo hazina budi kuyasema. Alitoa mfano wa mchoraji Mrusi, Repin, aliyeshangaa kuona wasanii wa Ujerumani wameichora Dhambi kama mwanamke: neno hilo ni la kike katika Kijerumani, na la kiume katika Kirusi. Kiingereza kikimtaja Christine hakina budi kuchagua jinsia au ukosefu wake. Kiswahili hakina budi kuchagua uhai au ukosefu wake. Kwa hiyo mfasiri wa *Christine* ana nafasi ambayo mwandishi wa asili hakuwa nayo: kijana Arnie aseme *amependeza, msimguse*, naye msimulizi pamoja na wahanga wabaki na *li-* hadi mwisho. Wazimu wa Arnie utasikika katika sarufi yake. Dhana ya mwanamke mwenye wivu itafifia, na sioni kama hiyo ni hasara ya kuombolezewa.

Kabla ya kuacha upande huu, inafaa kuitaja *Nairobi Half Life* ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Hapa gari halipewi uhai wowote. Mwas, kijana aliyefika Nairobi akiwa na ndoto ya kuwa mwigizaji, hujikuta katika genge la wezi wa vipuri. Gari kwao ni taa *zinazong'olewa*, vioo *vinavyouzwa*, magurudumu *yanayofunguliwa*. Jambo moja limesambaratishwa katika ngeli tatu, na hilo ndilo kinyume kamili cha tashihisi.

Nafsi, Nyimbo na Magurudumu

Msomaji makini atakuwa amegundua kwamba tatizo letu lote liko katika nafsi ya tatu. Gari likisema *nimechoka*, ni- haina ngeli. Tukiliambia *umechoka*, u- haina ngeli. KITT, gari lenye akili katika tamthilia ya *Knight Rider* iliyoonyeshwa Marekani kati ya mwaka 1982 na 1986, huzungumza kwa sauti tulivu ya mwigizaji William Daniels, na kwa kuwa muda mwingi anajibizana na dereva wake, mfasiri anaweza kupita vipindi vizima bila kuulizwa swali la ngeli. Washairi nao hulijua kimbilio hili. Malenga anayelihutubia jahazi lake au gari lake kwa *ewe* hukipa chombo uhai wote anaoutaka bila kuvunja kanuni hata moja. Katika nyimbo, basi, tatizo ni dogo kuliko katika filamu.

Wimbo wa watoto wa Kiingereza kuhusu magurudumu ya basi, ambao video zake hutazamwa mara mabilioni kwenye intaneti, una sifa nyingine inayotufaa. Ndani yake hakuna tashihisi. Kila ubeti hutaja sehemu moja ya basi, au mtu mmoja ndani yake, na kazi yake. Katika Kiingereza vitendo hivyo vyote hufuata ruwaza moja ya sarufi. Ukitungwa wimbo wa Kiswahili wenye umbo la namna hiyo, na hapa nasema kutungwa wala si kutafsiriwa, kila ubeti utamletea mtoto ngeli mpya: magurudumu yatadai ya-, honi i-, viti vi-, usukani u-, abiria wa-. Sijui njia ya bei nafuu zaidi ya kumfundisha mtoto wa miaka minne upatanisho wa kisarufi. Wimbo huo pia utamwonyesha, kabla hajafika darasani, kwamba ndani ya basi moja mna wa- na mna ya-, na kwamba si kitu kimoja.

Msimulizi wa Sodor

Msimulizi hana kimbilio la nafsi. Kasisi wa Kiingereza W. Awdry alichapisha kitabu chake cha kwanza cha magarimoshi mwaka 1945, na Thomas mwenyewe akaja mwaka 1946. Hadithi hizo zilipogeuzwa kuwa vipindi vya televisheni mwaka 1984, zilitumia vielelezo vidogo vya treni vyenye nyuso ambazo midomo yake haikusogea. Ringo Starr, aliyekuwa mpiga ngoma wa Beatles, ndiye aliyesimulia kila kitu na kusema maneno ya wote. Hii ni hali inayofanana sana na ya mzazi wa Kiswahili mbele ya skrini. Kila sentensi iko katika nafsi ya tatu.

Thomas na injini wenzake ni a- bila ubishi. Lakini kisiwa cha Sodor kina tabaka la chini: mabehewa ya mizigo, ambayo hayana majina, hufanya njama, huimba na kuzisukuma injini kwenye miteremko. Nomino *behewa* ni LI-YA. Mfasiri akiandika *mabehewa yakacheka*, kicheko chao kitakuwa cha umati usio na sura. Akiandika *mabehewa wakacheka*, wamekuwa wafanyakazi wenye malalamiko. Annie na Clarabel, mabehewa ya abiria anayoyavuta Thomas, wana majina na kwa hivyo ni a- papo hapo. Basi mpaka wa uhai katika kisiwa hicho unafuata mpaka wa cheo. Kiingereza huuficha mpaka huu katika wingi. Kiswahili kitaufichua, apende asipende mfasiri.

Mwaka 2018 alijiunga nao mhusika anayetuhusu moja kwa moja: Nia, injini ya rangi ya machungwa inayotoka Kenya, yenye jina la Kiswahili. Katika kamusi *nia* ni I-ZI, na *nia imefika* ingekuwa sentensi ya mwanafalsafa. *Nia amefika* ni sentensi ya stesheni. Watoto wanaoijua methali *Penye nia pana njia* wataipata raha ya ziada, hasa wakikumbuka kwamba garimoshi ndilo chombo kisichoweza kabisa kwenda pasipo na njia.

Mzee Lori na Bi. Treni

Wasimulizi wetu wa jadi walikuwa na ufumbuzi ambao tafsiri nyingi huusahau: cheo kabla ya jina. Tunaposema *Bwana Sungura* au *Mzee Kobe*, nomino ya kwanza ndiyo inayobeba upatanisho, na iliyofuata hupumzika. *Mzee Lori alikohoa moshi. Bi. Treni alimjibu bila kugeuka.* Hapa hakuna kanuni iliyovunjwa, na zaidi ya hayo tumepata kile ambacho Kiingereza hakina: umri, heshima na ujamaa. Doc Hudson wa *Cars*, bingwa wa zamani aliyejificha mjini Radiator Springs, aliyeigizwa kwa sauti ya Paul Newman, anaitwa kwa cheo cha udaktari katika Kiingereza. Kwetu McQueen angepaswa kuanza kwa kumwita kwa jina kavu, kwa kiburi cha ujana, na kumwita *Mzee* siku anapotambua ni nani. Na Mater atakuwa *Mjomba*, mjomba yule wa kila ukoo anayechekesha kila mtu na kukopa kila mtu.

Ufumbuzi huu hautoshi kila mahali. Katika *Planes*, filamu ya Disney ya mwaka 2013 kuhusu ndege ya kunyunyizia mimea dawa inayotaka kushindana angani, *ndege ametua* itamfanya mtoto amtafute kiumbe mwenye manyoya. Hapo hatuna budi kutumia jina la mhusika, Dusty, kila mara. Katika *Transformers* ya mwaka 2007, Bumblebee huwa gari sasa hivi na jitu mara moja baadaye, na akiwa hana sauti hujieleza kwa vipande vya nyimbo na matangazo kutoka kwenye redio yake. *Gari lilifunga breki, likainuka, akasimama* ni sentensi ambayo ningeitetea mbele ya mtahini yeyote.

Kilichonishinda kwa muda mrefu ni mwisho wa *The Love Bug*. Katika hatua ya mwisho ya mashindano Herbie hukatika vipande viwili. Nusu ya nyuma, akiwamo Tennessee, huvuka mstari ya kwanza. Nusu ya mbele, akiwamo Jim, huvuka ya tatu. *Nusu* ni I-ZI, na tukiifuata nomino hiyo tutakuwa tumemrudisha Herbie kwenye vipuri dakika tu ya ushindi wake. *Vipande* navyo ni vya Kirinyaga Road. Ningeandika: Herbie alifika wa kwanza, na Herbie akafika wa tatu.